Mwenye Kuku wa Cheyo

Nilimchukia miaka mitatu kabla ya kumpenda, na ni haki niliseme hilo mapema. Mwenyewe asingependa nimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Alikuwa mwanamke mkali, mchoyo wa maneno mazuri, na, kama nilivyokuja kugundua, mwongo hodari kuliko wote niliowahi kuwajua katika mji wa Tabora.

Cheyo nzima tulimwita Mwenye Kuku. Jina lake la kuzaliwa lilikuwapo, na watu wa rika lake walilijua, lakini halikuwa na kazi. Ukitaka kununua mayai, kuku wa hitima, au jogoo wa kumkaribishia mkwe, uliambiwa nenda nyumba fulani, pale kwa mjane fulani. Ukifika, yule mjane angekujibu: "Ngoja kwanza nimuulize Mwenye Kuku." Nyumba kumi na tatu zilikuwa na jibu hilohilo. Na sisi tulikuwa mojawapo.

Alikuwa na mwendo wa mtu anayewahi treni. Kanga moja kiunoni, moja begani, na miguu iliyojaa majivu mpaka vifundoni, kwa sababu hakupita banda la kuku bila kumwaga majivu ya kuulia utitiri. Alikuja kwetu kila Alhamisi asubuhi, kwa mlango wa uani, na hakupiga hodi hata siku moja. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Aliwasalimu kuku kwanza, Kinyamwezi: "Mwangaluka!" Kisha ndipo awaone watu, na watu akawasalimu Kiswahili. Shikamoo yangu aliipokea akiwa amenipa mgongo, ameshamkamata tetea na anamchungulia chini ya mbawa.

"Marahaba. Nani kawapa maji machafu hawa?"

Maji nilikuwa nimeyabadilisha mimi alfajiri ile.

Alivyofika kwetu mara ya kwanza nitaeleza, maana hapo ndipo mambo yote yalipofungwa. Baba yangu alikuwa fundi baiskeli, mwenye kibaraza chake Gongoni. Alipofariki, mimi nilikuwa na miaka minane na wadogo zangu wawili hata meno hayajawaota vizuri. Mama akaingia eda: miezi minne na siku kumi za kukaa ndani, asitoke bila dharura. Majirani walituletea uji wiki ya kwanza, wiki ya pili wakaleta wachache, wiki ya tatu kila mtu akarudi kwenye shida zake. Siwalaumu. Ndipo akaingia Mwenye Kuku kwa mlango wa uani, ameshika tetea wawili miguuni, kila mmoja kafungwa kipande cha uzi mwekundu wa kanga. Baba Mdogo, mdogo wake marehemu, alikuwa amekaa barazani na wazee wawili wa ukoo. Mwenye Kuku hakumwambia mama pole. Alisema kwa sauti ya kusikika barabara ya pili:

"Nakuwekesha kuku wangu hawa. Si zawadi. Si sadaka. Ni amana. Nikija niwakute."

Mama akajibu kwa sauti ndogo, "Nimepokea, Bibi."

"Sikusikia."

"Nimepokea amana yako, Bibi!"

Akaondoka. Mtu kafiwa na mume, watoto wana njaa, na huyu bibi anatuletea kazi ya kumfugia kuku wake! Nilimwambia mama hivyohivyo. Mama akaniambia nikatafute chenga za mtama.

Nikiri kwamba kazi yenyewe ilituokoa. Eda haikatazi kutupa mtama uani. Mama alikuwa hawezi kwenda sokoni wala kuuza vitumbua barabarani, lakini mayai yalikuja yenyewe mpaka ndani, na wanunuzi wakayafuata mlangoni. Mwenye Kuku alitufundisha mengi kwa ukali uleule: kuyainua mayai juani kuona yapi yana mbegu, kutomsumbua kuku anayelalia hata kama nyumba inaungua, kutowaweka vifaranga chini ya tenga lenye unyevu. Kuku wetu wa kwanza aliangua vifaranga tisa. Nilipiga kelele za furaha. Yeye aliwatazama, akasema, "Mwewe naye ana watoto," akaenda zake.

Ilipokwisha eda, Baba Mdogo alikuja na wenzake, na tenga kubwa la kubebea kuku. Sheria ya dini waliisoma mpaka lilipoishia fungu lao, wakafunga kitabu. Baiskeli ya baba ikatolewa. Spana zake, pampu yake, kitanda, kabati, hata sufuria kubwa ya pilau. Mama alikuwa kasimama kaegemea ukuta, na mimi nilikuwa nimeushika upindo wa kanga yake nikiona nyumba yetu inavyotoka kipande kipande. Kisha Baba Mdogo akalifungua lile tenga na kuelekea bandani.

"Hao hapana," sauti ikasema.

Mwenye Kuku alikuwa amekaa kizingitini mwa jiko. Sijui aliingia saa ngapi.

"Hawa si wa marehemu," alisema. "Tazama uzi miguuni. Nilimwekesha mke wa kaka yako mbele yako wewe na wazee hawa. Au umesahau?"

Baba Mdogo akawatazama wazee. Mmoja akakohoa. Mwingine akasema ni kweli, alisikia, na amana haiguswi. Lazima nieleze Tabora ni mji gani ndipo uelewe kwa nini watu wazima watatu walishindwa na vipande vya uzi. Babu zao walikuwa wapagazi. Mtu alipokwenda pwani na msafara, mzigo begani, aliwaacha kuku na mbuzi wake kwa jirani, na alirudi baada ya mwaka, au miwili, au hakurudi. Mji mzima ulisimama juu ya neno hilo moja. Anayekula amana hapa hapati mtu wa kumzika vizuri.

Tenga likaondoka tupu. Nilipumua. Lakini pumzi yenyewe ilikuwa na uchungu, kwa kuwa sasa nilikuwa na uhakika kwamba hatuna kitu. Kuku, vifaranga, mayai, vyote vyake.

Nikaanza kumchunguza kwa jicho la kesi. Alhamisi nyingine aliondoka na mayai sita kwenye upindo wa kanga, bila kuomba. Anatuibia, nikasema. Alhamisi nyingine alichukua tetea mzuri, mwenye madoa, niliyemlea mimi kwa mkono. Nililia siku nzima. Wiki iliyofuata nilimwona yule tetea kwa mjane wa Kimoravian, nyumba ya nne kutoka kwetu, ana uzi mwekundu mguuni. Sikuunganisha mambo. Nilisema tu moyoni kwamba bibi huyu ana watumwa kila nyumba.

Vituko vyake vilikuwa vingi na havikukubaliana. Yai hakuwahi kulionja maisha yake yote, wala nyama ya kuku, kwa sababu kwao zamani mwanamke hakuruhusiwa. Lakini aliamuru kila mtoto wa nyumba zile, wa kike kwa wa kiume, apewe yai la kuchemsha kila Ijumaa, na akija Alhamisi alituuliza la Ijumaa iliyopita lilikuwaje. Nilimwuliza mbona yeye hali. Akasema, "Mimi nilikatazwa. Wewe nani kakukataza?" Aliamini kuwa kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku, kinatibiwa kwa pilipili na majani ya mwarobaini, na alibishana na Bwana Mifugo mpaka yule baba wa watu akatokwa jasho. Siku ya chanjo alikuwa wa kwanza kwenye foleni na kuku wawili kila kwapa. Alipotoka hapo, bado aliwanywesha pilipili. "Ili chanjo isikae peke yake," alisema.

Na kideri kilipotushukia kweli, mwaka ambao chanjo haikufika, kikatuachia kuku mmoja tu, wengine mtaani walikimbilia sokoni kuwauza wanaosinzia kabla hawajafa. Mama alitamani kufanya hivyo. Mwenye Kuku alikuja, akawachoma wote waliokufa kwa mkono wake mwenyewe, akakaa chini akitazama moshi.

"Ukimuuzia mwenzio kuku anayesinzia umemuuzia msiba," alisema. Kisha akanigeukia. "Na wewe acha kulia. Kuku ni kuku."

Yeye mwenyewe macho yalikuwa mekundu. Alisingizia moshi. Siku tatu baadaye alirudi na tetea mwingine, uzi mguuni, na maneno yaleyale: nakuwekesha, si zawadi.

Kulikuwa na methali moja ambayo haikutamkwa mbele yake. Ni ile ya kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua mwewe huchukua. Mama aliitamka siku moja kwa bahati mbaya, na Mwenye Kuku akaweka chini kikapu chake. "Hiyo," alisema, "ilitungwa na mtu mwenye kuku wengi." Aliyoipenda ni nyingine, na aliisema kila alipoingia kwa mjane mpya: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nilidhani anawasimanga.

Sasa nifike kwenye mkutano. Ilikuwa miaka ile baada ya Azimio, kila ukuta una neno na kila redio ina wimbo, na watoto shuleni tulijua kuimba habari za mirija ya wanyonyaji kabla hatujajua jedwali la saba. Tawi la chama Cheyo likaamua kujenga banda la kuku la ujamaa. Kuku wote wa mtaa wakusanywe humo, walishwe pamoja, faida igawanywe. Balozi wa nyumba kumi akapita kuandika nani ana kuku wangapi. Kila alipoingia kwa mjane, aliambiwa, "Si wangu, ni wa Mwenye Kuku." Nyumba kumi na tatu. Katibu wa tawi, kijana wa Kizaramo aliyeletwa kutoka pwani, mwenye suruali ya kupiga pasi na moyo mzuri, alipojumlisha aliruka kitini. Kumbe Cheyo ina bepari! Bikizee mmoja anamiliki kuku wa nusu mtaa na anawatumikisha wajane wa watu. Akaitisha mkutano.

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana. Nilirudi kutoka shuleni mbiombio kumwambia mama kwamba hatimaye Mwenye Kuku atakatwa mrija. Mama alikuwa anapepeta. Ungo ukamponyoka.

"Mjinga wewe," aliniambia, na hakuwa ameniita hivyo kabla. "Kachukua nini kwetu yule bibi? Niambie. Kachukua nini?"

"Mayai sita. Na tetea wangu."

"Vimekwenda kwa nani?"

Ndipo akanikalisha chini na kunieleza, mchana ule, jua likiwa utosini. Mwenye Kuku naye aliwahi kufiwa na mume, zamani, na mashemeji wakaja na tenga. Walichukua vyote, hata kuku aliyekuwa analalia. Walimnyanyua wakaacha mayai yana joto. Jirani yake akayachukua yale mayai akayatia chini ya kuku wake mwenyewe, yakaanguliwa matatu, akamrudishia vifaranga. Mashemeji waliposikia wakarudi kudai vifaranga. Jirani akasema hawa ni wangu, nimemwekesha tu. Basi hapo ndipo alipolipata neno lake. Kuku wetu walikuwa wetu tangu siku ya kwanza. Vivyo hivyo wa nyumba zote kumi na tatu. Uongo ulikuwa ni ule uzi.

"Kesho akisema ukweli kwamba kuku ni wetu," mama alisema, "Baba yako Mdogo atakuwa pale mkutanoni, na ndugu wa marehemu wa kila nyumba watakuwa pale. Jioni watakuja na matenga. Akisema ni wake, wanakwenda banda la chama, na yeye anaitwa mnyonyaji. Kideri kikiingia banda moja la kuku wote hao, wiki haiishi. Na wewe kaptura za wadogo zako zinatoka wapi? Daftari zako?"

Sikulala vizuri. Ilikuwa aibu na hofu, yote mawili.

Mkutano ulifanyika uwanjani, mbele ya ofisi ya tawi. Baba Mdogo nilimwona safu ya pili. Katibu alisimama na karatasi yake.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mtani wangu. Wewe umeletwa huku na treni. Babu zangu walikuja kwenu kwa miguu na pembe begani, na mliwauzia maji."

Watu wakacheka, na katibu pia, maana Mzaramo na Mnyamwezi ni watani na utani haukasirikiwi. Kisha akakaza uso. "Bibi, orodha hii inasema una kuku katika nyumba kumi na tatu, na wajane wanakutunzia. Huo si unyonyaji?"

"Ni unyonyaji," alisema Mwenye Kuku.

Mama alinishika mkono mpaka ukauma.

"Nimekiri. Kuku wote hao ni wangu, hakuna wa mtu mwingine. Nani anabisha?" Akawatazama wanaume safu kwa safu. Hakuna aliyebisha. "Andika basi, katibu, kwamba ni wangu, na hakuna aliyebisha. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Sasa nataka kukata mrija wangu mwenyewe, mbele ya chama. Watoto wote waliofiwa na baba, simameni."

Tukasimama. Tulikuwa wengi kuliko nilivyojua. Akaanza kutuita mmoja mmoja, na hakukosea jina hata moja, mwanamke niliyedhani haoni kitu ila kuku.

"Mwanaidi binti wa fundi baiskeli. Kuku wangu walio kwenu, na mayai waliyoyalalia, nimekupa wewe na wadogo zako. Sikumpa mama yako, mama yako ana mashemeji. Nimekupa wewe, yatima, mbele ya chama na mbele ya Mwenyezi Mungu."

Akaenda hivyo mpaka nyumba ya kumi na tatu. Waliokuwa uani kwake akampa mtoto wa mjane wa juzi. Alipomaliza akageuka pale alipokaa Baba Mdogo na wenzake.

"Anayekula mali ya yatima anakula moto. Kama yupo anayetaka kuula, anyooshe mkono, katibu amwandike."

Hakuna mkono ulioinuka. Katibu aliitazama orodha yake, akaikunja, akaanza kucheka, na kicheko chake kikaambukiza uwanja mzima. "Ujamaa hatuwezi kuuanza kwa kuku wa yatima," alisema.

"Na hapo juu," Mwenye Kuku akamwelekeza kwa kidole, "uandike kwamba mimi sina kuku."

Banda la ujamaa lilijengwa, likawekwa magunia. Mama alirudi nyumbani akicheka na kulia kwa pamoja. Mimi nililala usingizi mzito usiku ule, nikijua kwamba hakuna tenga litakaloingia kwetu tena. Alhamisi niliamka mapema nikabadilisha maji mara mbili. Nikasikia sauti mlango wa uani.

"Hodi."

Sikuamini. Miaka mitatu, na leo hodi! Alikuwa amesimama nje anangoja, miguu ina majivu. Nikamwambia karibu.

"Mwanaidi," alisema, "naomba kuwaona kuku wako."

Wiki hiyohiyo mama alimchagua tetea wetu bora, akamfunga uzi mwekundu, tukampelekea. "Bibi, tunakuwekesha," mama alisema. Nyumba kumi na mbili nyingine zilifanya vilevile. Mwenye Kuku alinung'unika kwamba tunamrundikia kazi uzeeni.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia, mimi nilikuwa mwalimu Usoke, nina mume na mtoto mgongoni. Nilishuka treni Tabora wakati wa likizo, mama akaniambia kabla sijaketi kwamba Mwenye Kuku miguu imekataa. Nikaenda. Nilikuwa bado niko barabarani nilipoliona: tenga, kubwa, jipya, kwenye kibaraza chake. Nikajiona tena nina miaka minane.

Mlangoni alikuwapo kijana mmoja, mtoto wa shemeji yake. Alikuwa na adabu, nisimsingizie. Alisema bibi amechoka, wanampeleka Urambo akatulie kwa ndugu, na kuku atawauza leo maana hawana mtu wa kuwatunza. Nilimwona Mwenye Kuku nyuma yake, kwenye mkeka uani, mgongo ukutani. Alikuwa kimya, ananitazama mimi, kisha bandani, kisha mimi. Sikuwahi kumwona akinyamaza mtu anaposema juu ya kuku. Hakutaka kwenda Urambo. Mtoto mdogo angeliona hilo.

Sikupiga hodi. Nilimpita yule kijana nikaenda moja kwa moja bandani, nikamkamata tetea wa kwanza, nikamfunua mbawa.

"Dada, samahani," alisema. "Unafanya nini?"

"Nakagua kuku wangu. Hawa nilimwekesha Bibi. Ni amana. Tazama miguuni."

Uzi ulikuwapo. Umepauka, lakini ni mwekundu. Na sikuwa nimesema uongo.

"Nani kawapa maji machafu hawa?" nikauliza. "Na Bibi akienda Urambo, amana yangu namwachia nani? Haendi popote mpaka niwachukue mwenyewe, na mimi siwachukui."

Kijana akageuka. "Bibi, ni kweli?"

Mwenye Kuku akajiweka sawa kwenye mkeka, taratibu, akavuta kanga yake begani. Uso ulikuwa umefunguka wote.

"Kweli," alisema. "Yule wa kijivu alikufa, asije akaniuliza. Ondoa tenga lako mlangoni, mwanangu. Mpishe Mwenye Kuku apite."